Jicho Linalofumba Nikicheka

Kosa langu la mwanzo lilikuwa bidii. Wengine watakuambia walichelewa kwenda hospitali, au waliacha dawa njiani. Mimi nilikwenda mapema, nikameza kila kidonge kwa saa yake, kisha nikauharibu uso wangu kwa kuutengeneza. Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani amesimama mbele ya kioo leo asubuhi, anavuta shavu lake kwa vidole akidhani anajisaidia. Ndugu yangu, acha kwanza. Keti nikusimulie.

Mimi ni kinyozi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Hakuna aliyenifundisha kazi. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuharibu vichwa vya binamu zangu. Nina tabia ya kutoweza kuacha kitu kikiwa karibu sawa. Mstari wa paji la uso ukipinda kidogo tu, nilikuwa naurudia, na kuurudia, mpaka mteja analalamika kwamba paji lake linapanda kuelekea kisogoni. Salon yangu ina vioo viwili vinavyotazamana, kimoja mbele ya kiti na kingine nyuma, ili mteja aone kisogo chake. Ukisimama katikati unajiona mara nyingi, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka yule wa mwisho anakuwa mdogo kama punje ya haragwe. Nilivipenda vioo vile. Nilivinunua kabla ya kununua kitanda.

Ilianza asubuhi moja katika mvua za Septemba. Nilikuwa nimeweka kikombe cha chai kando ya mashine huku nikimkata nywele Bahati, dereva wa pikipiki anayeegesha mbele ya salon. Nilikunywa, chai ikanimwagikia kifuani. Nikafuta, nikanywa tena, ikamwagika tena. Kwa aibu nikamtabasamia Bahati kwenye kioo.

"Coiffeur," akasema, kama vinyozi tunavyoitwa hapa, "juu ya nini unanichekea na upande moja? Ile upande ingine nimeikosea nini?"

Nilicheka. Kisha nikajiona. Upande wa kulia ulikuwa unacheka. Wa kushoto ulikuwa umelala, nyusi imeshuka, kona ya mdomo inaning'inia. Nikafumba macho, la kulia likafumba, la kushoto likabaki wazi likinitazama. Na nyuma yangu, kwenye kile kioo cha pili, kulikuwa na safu nzima ya watu wa nusu uso, wote ni mimi.

Bahati aliruka kutoka kitini. Alivaa kofia juu ya kichwa kilichokatwa nusu, akanipakia kwenye pikipiki, tukaenda hospitali. Njia nzima nilikuwa nikiinua mkono wa kushoto, kisha mguu wa kushoto, kuona kama bado vinanisikia. Babu yangu alikufa kwa kupooza, na ilianza hivyohivyo, mdomoni.

Kwenye benchi la kungojea, watu walinijadili kama mbuzi aliyeletwa sokoni.

"Upepo njo imemupiga," alisema mzee mmoja mwenye fimbo, njo yetu ikiwa ndio ya kwenu.

"Upepo gani?" mama wa jirani yake akamjibu. "Hiyo iko kofi. Mutu alimupiga kofi mu usingizi. Angalia, hata alama ya kidole inaonekana."

Nilijigusa shavu. Hakukuwa na alama, lakini tangu saa ile nilianza kuitafuta.

Daktari alikuwa kijana, labda wa umri wangu. Aliniambia niinue nyusi, nijaze mashavu hewa, nioneshe meno, nimsukume kwa mikono yote miwili. Akanieleza kwamba si kupooza kwa babu. Ni neva ya uso tu iliyovimba, na wengi hupona. Akanipa vidonge, dawa ya kupaka ndani ya jicho, na plasta ya kulifunga wakati wa kulala na nikiwa kazini penye vumbi la nywele.

"Jicho njo uchunge sana," alisema. "Haifumbe, donc itakauka. Na weye unajua vumbi ya hapa kwetu."

"Na mazoezi? Nifanye zoezi gani?"

"Kwanza subiri."

"Kusubiri ni sawa, dokta, lakini nifanye nini nikiwa nasubiri?"

Alinisogezea vidonge mezani. "Subiri," akarudia.

Kama wewe ni mtu wa aina yangu, unajua neno hilo linavyouma. Dawa ningeweza kumeza hata zikiwa chungu namna gani. Kusubiri hakuna namna ya kukufanya vizuri zaidi ya jana.

Nyumbani naishi na mama. Alizaliwa upande wa Mahagi, ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, lakini habari ya kofi la uchawi ilimfikia kabla yangu. Na hakuhitaji siku nyingi kumpata mpigaji. Ng'ambo ya barabara, karibu kabisa na salon yangu, kuna kinyozi mwingine anayeitwa Patrick. Alifungua baada yangu na baadhi ya wateja wangu walivuka barabara.

"Ni nani mwingine?" mama alisema. "Tangu alifungua pale, uko unakonda tu."

Dada yangu mkubwa, yaya Jeanine, alikuwa amekuja kutoka Mudzipela kuniletea matunda. "Mama, dokta amesema ni neva."

"Na ile neva, ni nani aliituma?"

Yaya akaanza kumenya matunda. Jumapili iliyofuata mama alihama benchi kanisani, kwa sababu kwenye benchi lake la siku zote alikuwa akikaa pamoja na mama yake Patrick. Wanawake hao walikuwa wakishirikiana kitabu cha nyimbo. Nilijua, na sikumzuia. Ilinipa nafuu fulani ya aibu, kwamba kosa la uso wangu liko kwa mtu.

Miezi ile ya mwanzo nakumbuka zaidi vitu vidogo. Sombe, yaani kisamvu, inayojificha kati ya shavu na fizi, ambayo lazima uitoe kwa kidole. Herufi P na B, ambazo zilitoka kinywani kama upepo wa tairi. Chozi linaloteremka bila huzuni. Nilianza kula nikiutazama ukuta. Mama alikuwa akiweka sahani, anasimama kidogo nyuma yangu, kisha anaondoka, na nilijua kwamba yeye pia hali vizuri.

Na salamu. Hapa kwetu watu wanaopendana hugusanisha vichwa, upande huu, upande ule, tena upande huu, na katika kufanya hivyo uso wako unakuwa karibu kabisa na uso wa mwenzako. Nilianza kutoa mkono kutoka mbali, kama mkubwa wa serikali. Kisha hata mkono nikaacha. Nilikuwa nikipita njia ya nyuma, kwenye matope, ili nisikutane na mtu.

Wateja walipungua, kwa sababu nilikuwa nimefunika kioo cha mbele kwa kitenge cha mama. Sikutaka wanione humo.

"Mais coiffeur," mmoja aliuliza, "nitajua je kama umekata sawasawa?"

"Mimi nimeona. Iko sawa."

"Weye uko na jicho moja imefungwa na plasta. Umeona nini?"

Wote waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nami nilitaka kucheka, nikaugeuza uso.

Katika upweke huo simu ikawa rafiki yangu. Nikampata mtu mmoja mwenye meno meupe sana aliyekuwa akifundisha tabia za watu wenye furaha. Amka mapema. Kunywa maji. Shukuru. Tembea. Tabasamu mbele ya kioo mpaka moyo uamini. Sisemi alifundisha vibaya. Karibu vyote hivyo navifanya mpaka leo. Lakini mimi nilivichukua kama nilivyochukua mashine ya kunyoa: kwamba anayerudia zaidi ndiye anayepata mstari ulionyooka. Nikajipangia ratiba. Alfajiri niliondoa kitenge kwenye kioo, nikatabasamu kwa nguvu zangu zote. Upande uliolala niliuvuta kwa vidole. Nilitafuna bazooka, zile pipi za mpira, mpaka taya linawaka. Kati ya mteja na mteja niliingia nyuma ya pazia kukunja uso, kupuliza mashavu, kukaza macho. Siku nilipokosa zoezi moja, nililipa kwa mawili kesho yake. Hata kushukuru nilishukuru kwa hofu, nikipitia majina ya ndugu zangu haraka haraka kama mtu anayekagua kama ameacha mlango wazi.

Mvua zilipokaribia kwisha, kona ya mdomo ilitikisika. Kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Nilimwita mama. Alikuja na kijiko cha bugali mkononi, akaona, akapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua. Nilimkumbatia. Halafu nikawaza: kama bidii hii imeleta kidogo, bidii mara mbili italeta vyote. Nikaongeza.

Kisha Krismasi ikapita na vumbi likaja. Ukiijua Bunia unajua vumbi hilo, jekundu, linaloingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Jicho sasa lilikuwa linafumba, na mdomo ulikuwa umenyanyuka. Watu walianza kuniambia nimepona. Ni mimi tu niliyekuwa naona kitu kisichoeleweka: nilipotafuna, jicho la kushoto lilitoa machozi. Nilipopepesa, mdomo ulivutika. Na nilipotabasamu, jicho lilifumba lenyewe. Nilijiambia nikifanya zoezi zaidi litaachana na tabia hiyo.

Siku moja mwanamume mmoja aliingia na mke wake. Alikuwa anataka kukatwa kabla ya arusi ya mdogo wake, na mke alikaa kwenye benchi kuangalia. Nilimaliza, mke akasema, "Ah, sasa umekuwa mutu." Nikamtabasamia kwa heshima.

Mwanamume alisimama na taulo bado shingoni. "Weye! Unamukonyeza bibi yangu? Mbele yangu?"

"Hapana, papa. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa! Ugonjwa ya kukonyeza bibi za watu!"

Nilijaribu kueleza, lakini nikiwa na hofu mimi hutabasamu. Nikatabasamu. Jicho likafumba tena.

Bahati ndiye aliyemshika mkono kabla haujanifikia. Watu walijaa mlangoni. Ng'ambo ya barabara nilimwona Patrick amesimama na mashine yake, hacheki. Niliwaomba wote watoke, nikafunga salon, nikaenda nyumbani nikalala nimeelekea ukuta. Nilikaa ndani wiki baada ya wiki. Hofu yangu haikuwa tena juu ya jicho. Nilihofia kwamba sitaweza tena kuwa mbele ya mtu, na kazi yangu yote, maisha yangu yote, ni kuwa mbele ya watu. Kinyozi asiyeweza kutabasamu anaweza kuishi. Kinyozi asiyeweza kutazamwa, ataishi vipi?

Ni yaya Jeanine aliyenivuta mpaka kwa kiné, yule anayefundisha viungo kufanya kazi tena. Chumba cha kungojea kilikuwa na watu wenye magongo, mtoto mwenye mguu uliopinda, na mama mmoja aliyekuwa akijifunza kushika kikombe. Hakuna aliyenitazama zaidi ya mara moja. Sikuwa nimepumzika hivyo tangu Septemba.

Kiné alikuwa mama wa makamo mwenye sauti kubwa. Aliniambia nioneshe mazoezi yangu. Nikayaonesha yote, kwa fahari kidogo, nakiri. Alikuwa anatikisa kichwa hata kabla sijafika nusu.

"Ni nani njo alikuambia kuvuta hivi?"

"Ni mimi."

"Na kila siku?"

"Kila siku, mama. Sikukosa."

"Ungekosa," alisema. "Ungekosa kidogo, ingekuwa muzuri."

Akanieleza kwa maneno mepesi. Neva ilikuwa inarudi taratibu, inatafuta njia. Mimi nilikuwa naipigia kelele, na kwa kelele hizo jicho na mdomo vimejifunza kwenda pamoja. Sasa lazima vifundishwe kuachana, na hilo linafanyika kwa kitu kidogo kuliko vyote. Alinifanya niweke kitambaa cha moto shavuni, nilegeze uso, kisha nianze kutabasamu, na kuacha kabla jicho halijasikia.

"Lakini hakuna kitu kimeonekana," nilisema.

"Njo vile nataka."

"Mpaka lini?"

"Unaanza tena." Alicheka. "Mutoto, sikia. Asubuhi, kidogo. Jioni, kidogo. Katikati, unaacha uso yako ipumuzike. Na kioo, unaangalia tu saa ya zoezi. Nani anakuchekesha mu kioo? Kioo haijue kusema kitu ya kuchekesha. Enda kwa watu. Salimia watu."

"Watu njo shida yangu, mama kiné."

"Najua. Njo dawa nakupatia."

Nilitoka pale nikiwa na hasira. Nilitaka kazi ngumu, nikapewa kazi ndogo. Nikuambie ukweli, hakuna kitu kigumu nimewahi kufanya kama kule kuacha katikati. Vidole vilitaka kuvuta. Nilikuwa nakalia mikono yangu. Siku nyingine nilivuta, na kesho yake jicho lilikaza kama ngumi, na nikajua.

Tabia mpya zilianza kwa udogo huo, na kwa uzembe. Asubuhi nilikula uji na mama, mezani, uso kwa uso. Mara ya kwanza uji uliteremka kidevuni. Alinipa ncha ya kitenge chake nikafuta, akaendelea kunisimulia bei ya samaki waliofika kutoka Kasenyi. Niligundua kwamba alikuwa amekosa mtu wa kuongea naye asubuhi muda wote ule. Kisha nilitembea. Siku za kwanza nilikwenda mpaka kona tu na kusalimia mtu mmoja, mwuza mandazi, na kurudi nyumbani moyo ukipiga kama nimeiba. Kushukuru nako nikapunguza. Badala ya kupitia majina ya wote, nilikumbuka kitu kimoja, chochote. Siku moja kilikuwa mandazi.

Mvua za kwanza ziliporudi, wiki chache kabla ya Pasaka, nilifungua salon. Lakini nilikuwa na nywele za miezi. Sikuwa nimemruhusu mtu anishike kichwa, na kinyozi hawezi kujikata kisogo. Sikumaliza hata kufagia, Patrick akavuka barabara.

"Coiffeur," alisema kutoka mlangoni. "Batu wananiuliza kama ng'ambo kule wamefungua shamba ya muhogo. Hiyo kichwa inaharibia siye wote kazi."

Nilisimama na ufagio. Alikuja mpaka mbele yangu, akanisalimia kwa kichwa. Alianza na upande wa kushoto. Nilitaka kurudi nyuma, lakini paji lake lilikuwa tayari limegusa langu, na likabaki pale kidogo zaidi ya desturi.

"Kuya. Kiti yangu iko bure."

Nikavuka naye. Niliketi mbele ya kioo chake, ambacho hakijafunikwa, akanifunga kitambaa shingoni. Akawasha mashine, akaanza kisogoni. Niliuangalia uso wangu kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua.

"Patrick," nikasema mwishowe. "Mama yangu anasema…"

"Najua kitu mama yako anasema. Bunia nzima inajua." Alizima mashine. "Mimi, kama ningekuwa na nguvu ya kupiga batu kofi mu usingizi, ningeanza na weye? Ningeanza na ule mutu anakataga courant kila saa ya kazi!"

Na umeme ukakatika saa ileile, taa ya juu ya kioo ikazimika.

Nilicheka. Sikupanga, sikuacha katikati, sikulegeza chochote kwanza. Jicho lilifumba lote, mdomo ukaenda ulikotaka, chozi likatoka. Patrick naye alikuwa amejikunja akishikilia kiti changu, pengo la jino lake likionekana, na nusu ya kichwa changu ikiwa bado msitu. Tuliketi tukisubiri umeme urudi. Mpaka mchana ulikuwa haujarudi, nikavuka barabara kwenda kuwapokea wateja wangu wa mkasi nikiwa nimekatwa upande mmoja. Bahati aliponiona alivua kofia yake. "Sasa tumelipana," alisema.

Jioni mama aliniangalia kichwa, kilichokuwa kimemaliziwa vizuri, akauliza ni nani amekata. Nikamwambia. Aliendelea kuchambua mchele. Jumapili kanisani nilimwona amesimama kwenye benchi lake la zamani, ameshika upande mmoja wa kitabu cha nyimbo.

Kama unasoma haya na uso wako umeanguka jana, nenda hospitali leo, usingoje mtu akutafutie mpigaji. Linda jicho. Na ukipewa kazi ndogo, ifanye ndogo vilevile ilivyo.

Mimi sijapona kama nilivyotaka. Jicho la kushoto bado linafumba nusu nikicheka, na nikila pilipili linalia peke yake. Bado naamka na hofu siku nyingi, na bado narudia mstari wa paji zaidi ya inavyohitajika. Naweka kitambaa cha moto, nafanya zoezi langu dogo, nakula uji na mama, naenda kazini kwa mguu kwa njia ya mbele. Patrick ananikata, nami namkata. Kitenge kimerudi kwa mama. Kilichobadilika ni hiki: nikimaliza kucheka, sigeuki tena kutazama kwenye kioo nilichekaje.